Barua ya wazi kuhusu kiwanda cha vidonge Zanzibar: bechi au mfululizo?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wakuu wa ZIPA (Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar), Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na Bohari Kuu ya Dawa.

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum.

Kila panapotajwa kiwanda cha dawa hapa visiwani, iwe Fumba kwa Unguja au Micheweni kwa Pemba, mazungumzo hukimbilia kwenye mashine. Na wauzaji wa mashine siku hizi wana neno moja wanalolipenda: mfululizo. Unga unaingia upande mmoja, kidonge kinatoka upande wa pili, kompyuta inaangalia kila kitu, na mtambo mzima unaenea ndani ya ukumbi wa kawaida. Si uongo. Mitambo hiyo ipo na inafanya kazi. Lakini sisi tunaoandika barua hii, wafamasia na mafundi wa uzalishaji wa Unguja na Pemba, tunakuombeni msiifanye kuwa hatua ya kwanza. Kwa kiwanda cha kwanza cha vidonge Zanzibar, sehemu ya kutengeneza punje, yaani chembe za unga uliogandishwa kabla ya kubanwa kuwa kidonge, ianze kwa bechi, yaani mkupuo mmoja mmoja, pembeni yake iwekwe mashine ya roli kwa punje kavu, na laini ya mfululizo ya punje mbichi isubiri. Sababu zetu ni za kiufundi na tunazieleza kwa urefu, kwa sababu uamuzi huu ukishafungwa kwa boliti sakafuni haubadiliki kwa miaka mingi.

Tuanze na punje zenyewe. Kidonge hakipimwi kwa mizani, kinapimwa kwa kujaza tundu. Mashine ya vidonge yenye stesheni 27, ikizunguka mara 40 kwa dakika, inatoa vidonge 1,080 kila dakika, na kila tundu lina sehemu ndogo tu ya sekunde kujaa. Unga laini hautiririki kwa kasi hiyo. Unaganda kwenye hopa, yaani chombo cha juu kinacholisha mashine, unajaza tundu hili nusu na lile kupita kiasi, na uzito wa vidonge unayumba. Parasetamoli ina tatizo la ziada: fuwele zake zikibanwa hurudi nyuma kama mpira, na kidonge hupasuka kichwa kikitoka kwenye mashine. Amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, ina tatizo jengine kabisa. Kidonge cha miligramu 200 kina kiini cha dawa kisichofika miligramu 7, na kiini hicho kikijitenga njiani na viambata vyake, yaani viungo vyengine vya kidonge visivyo dawa, mgonjwa mmoja atapata dozi pungufu na mwenziwe dozi iliyozidi. Kwa hivyo unga hugandishwa kwanza kuwa punje, kila punje ikiwa na mchanganyiko ule ule, ndipo ukabanwa.

Kwa njia ya bechi kazi huenda hivi. Chukua granyuleta ya lita 300, yaani sufuria kubwa la chuma cha pua lenye pangaboi chini na kisu kidogo cha kasi ubavuni. Haijazwi zaidi ya theluthi mbili, na kwa unga wenye uzito wa kiasi cha nusu kilo kwa lita, hiyo ni kilo 100. Kwa parasetamoli ya miligramu 500 katika kidonge cha miligramu 580, ndani ya kilo 100 kuna kilo 86 za dawa, na mkupuo mmoja unatoa vidonge 172,000 hivi. Unga unachekechwa, unachanganywa mkavu kwa dakika chache, kisha maji yenye gundi ya povidoni yanamiminwa polepole kwa dakika tatu hadi tano, kilo 15 mpaka 20 za maji kwa jumla. Pangaboi linaendelea kukanda dakika moja mpaka tatu. Fundi anaangalia ampea za mota: zikipanda na kutulia, punje zimeiva. Akizidisha maji au muda, anapata mabonge makavu nje na mabichi ndani, ambayo yatakuja kutoa vidonge vigumu visivyofumuka tumboni. Akipunguza, anapata vumbi, na vidonge vitapasuka. Punje mbichi zinapitishwa kwenye skrini pana, zinakaushwa kwenye draya ya hewa ya moto inayozirusha juu, zinasagwa kwenye skrini ya kiasi cha milimita moja, zinachanganywa na kiambata cha kufumua kidonge, na mwisho kabisa kinaingia kilainishi, magnesiamu stiareti, nusu asilimia hivi, kwa dakika tatu hadi tano. Kilainishi kikichanganywa muda mrefu kinaivisha kila punje koti la mafuta, na kidonge kinakataa kuyeyuka.

Kwa njia ya mfululizo sufuria hakuna. Fidi, yaani vilishio vya unga, zinazojipima uzito zinaangusha kila kiungo kwa gramu kadhaa kwa dakika ndani ya pipa jembamba lenye parafujo mbili zinazozunguka pamoja, mara 400 hadi 900 kwa dakika. Maji yanaingia kwa pampu. Unga unakaa humo sekunde tano mpaka ishirini tu na kutoka ukiwa punje mbichi. Punje zinavutwa na hewa mpaka kwenye draya yenye vyumba, mara nyingi sita, vinavyojazwa kwa zamu: kimoja kinajazwa, vinne vinakausha, kimoja kinamwagwa. Mtambo wa kawaida wa aina hii unapitisha kiasi cha kilo 25 kwa saa.

Ubora wa njia hii hatuukatai, na ingekuwa dhulma kuuficha. Ukitaka punje nyingi zaidi huongezi ukubwa wa mashine, unaongeza saa za kuiendesha. Hilo linaondoa maumivu makubwa ya kazi ya bechi, pale fomula iliyofanya vizuri kwenye chombo cha lita 10 inapoharibika kwenye chombo cha lita 300 kwa sababu ncha ya pangaboi sasa inakwenda kwa mwendo mwengine na maji yanasambaa vyengine. Jaribio la dakika kumi kwenye laini ya mfululizo linakula kilo nne tu za malighafi. Chumba kinakuwa kidogo, vumbi linakuwa dogo, na wafanyakazi hawabebi ndoo.

Tazameni hata hivyo ni nani aliyetangulia kuitumia. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha Orkambi ya kampuni ya Vertex, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa mapafu, ikitengenezwa kwa mfululizo. Mwaka 2016 Janssen ikaruhusiwa kuhamisha Prezista, dawa ya VVU, kutoka bechi kwenda mfululizo katika kiwanda chake cha Puerto Rico. Hizo ni dawa za bei kubwa, fomula moja kwa laini moja, kampuni yenye jeshi la wahandisi, na malighafi kutoka kwa wauzaji wale wale mwaka hadi mwaka. Kiwanda cha Zanzibar kitakuwa na hali iliyo kinyume na hiyo karibu kwa kila kipengele.

Kikubwa kuliko vyote ni hewa, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndipo miradi ya dawa ya ukanda wa pwani inapokwama na ndipo vitabu vya wauzaji vinapokaa kimya. Siku ya masika, joto likiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 85, kila kilo ya hewa yetu imebeba gramu 20 hivi za maji. Hewa ya Ulaya wakati wa baridi, ikiwa nyuzi 3, inabeba kiasi cha gramu 4. Draya ya bechi ya kilo 100 inavuta, kwa uchache, mita za ujazo 2,000 za hewa kwa saa. Ukipiga hesabu, hewa ya masika inaingiza kwenye draya kilo 45 za maji kila saa, wakati punje zenyewe zina kilo 20 za kutolewa. Ukitaka kuishusha hewa hiyo mpaka hali ya chumba cha dawa, nyuzi 22 na unyevu asilimia 50, lazima uitoe kilo 27 za maji kwa saa kabla haijagusa punje. Hiyo ni kazi ya koili za maji baridi za nyuzi 6 au 7, na kwa dawa nyepesi kunyonya unyevu, gurudumu la silika la kunyonya unyevu juu yake.

Ukiacha kufanya hivyo, hewa ile ile ikipashwa moto mpaka nyuzi 60 bado inakausha, lakini inaingia na unyevu wa asilimia 16 badala ya 6 au 7. Punje zinachelewa kukauka na zinaishia na unyevu mwingi zaidi. Punje zenye maji kupita kiasi zinanata kwenye panchi, yaani vyuma vya kubania vya mashine ya vidonge, na herufi juu ya kidonge zinafutika. Zilizokauka kupita kiasi zinapasuka. Nafasi iliyopo baina ya hali hizo mbili kwa fomula nyingi ni asilimia moja au mbili tu za unyevu.

Hapo ndipo bechi na mfululizo zinapoachana. Kwenye draya ya bechi, masika yakikaza, fundi anachukua sampuli, anaipima kwenye mizani ya unyevu, anaona asilimia 3.4 badala ya 2, anaongeza dakika kumi, anapima tena. Hakuna kilichoharibika. Kwenye draya ya vyumba sita muda haumsubiri mtu. Mtambo wa kilo 25 kwa saa, ukijaza kila chumba kwa dakika nne, unatia kilo 1.7 ndani yake, na baada ya dakika 24 zamu ya chumba hicho imerudi na ni lazima kiwe kitupu. Punje zikiwa bado mbichi, una njia mbili. Upandishe joto, na baadhi ya dawa hazistahamili. Au upunguze mwendo wa fidi zote kwa pamoja, na ukipunguza mwendo kwenye parafujo, pipa linajaa kidogo, ukandaji unabadilika, na ukubwa wa punje unabadilika nao. Tatizo lililozaliwa kwenye draya linarudi nyuma mpaka mwanzo wa laini. Kwa hivyo laini ya mfululizo Zanzibar inawezekana tu ikiwa hewa ya draya imekaushwa kwa uthabiti siku zote 365, na mtambo wa kukausha hewa una mwenziwe wa akiba. Gharama ya hewa inakuwa sehemu ya bei ya mashine yenyewe, na zabuni ambayo haikuiandika inawadanganya wanaoisoma.

Unyevu huo huo unafika kwenye fidi. Wanga ndani ya hopa, wakati wa masika, hufanya kile inachofanya chumvi kwenye meza ya kila nyumba hapa: unashikana. Fidi inayojipima uzito haiwezi kujipima pale inapojazwa upya. Kwa sekunde hizo inakwenda kwa kukisia, ikitegemea kwamba unga una ujazo ule ule kama mwanzo. Unga ulioshikana unavunja makisio hayo. Na kwa kuwa parafujo zinashika unga kwa sekunde chache tu, hazina nafasi ya kusawazisha kosa. Granyuleta ya bechi inakanda kilo 100 kwa pamoja na kumeza makosa madogo ya umiminaji; parafujo zinayapitisha yalivyo mpaka kwenye kidonge. Fikirieni amlodipini kwa kilo 25 kwa saa: fidi ya kiini cha dawa inapaswa kuangusha gramu 14 kwa dakika, sawasawa, kwa saa nyingi. Kilainishi kinapaswa kuanguka gramu mbili kwa dakika. Gramu mbili za unga wa mafuta unaonata kwenye kila chuma.

Dawa ya hilo, kwa mujibu wa wenye mitambo, ni macho: vitambuzi vya mwanga wa infraredi vinavyopima kiini cha dawa na unyevu kila sekunde chache, na mlango unaotupa pembeni kilo zilizotoka nje ya vipimo. Ni teknolojia nzuri. Lakini vitambuzi hivyo havioni dawa moja kwa moja, vinalinganisha na mfano wa kihesabu uliofunzwa kwa sampuli nyingi za malighafi ile ile. Maji yanatia alama kubwa kwenye mwanga huo kuliko karibu kitu chochote. Selulosi, ambayo ni kiambata, ikibadilika muuzaji, au wanga ukaja na unyevu mwengine, mfano unaanza kukosea na lazima ufunzwe upya na mtu anayeijua kemia na takwimu kwa pamoja. Sisi tunanunua kwa zabuni, na zabuni humpa aliye na bei ya chini. Sheria ya manunuzi na laini ya mfululizo zinavutana, na ni vyema hilo lijulikane kabla ya saini.

Umeme mnaujua. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikawa miezi mitatu, mara zote kwa hitilafu kwenye njia moja ya waya wa chini ya bahari. Tangu hapo mambo yamekuwa bora: Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya wa megawati 100 mwaka 2013. Kwa kiwanda, ugonjwa wa kila siku ni umeme kupepesa. Nusu sekunde tu inatosha kuzima vidhibiti vya mota. Na hapa, kwa haki, mfululizo una sehemu yake ya sifa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, laini ya mfululizo inapoteza kilo kumi hivi zilizoko kwenye vyumba vya draya, pamoja na kilichogandia kwenye parafujo. Granyuleta ya bechi ikisimama na unga mbichi kwa saa kadhaa, kilo 100 zote zinaweza kutupwa. Lakini kuwasha tena bechi ni jambo la ukurasa mmoja wa maelekezo: umesimama dakika ngapi, kikomo kilichothibitishwa ni kipi, endelea au tupa. Kuwasha tena laini ya mfululizo ni kufungua pipa, kuchokoa unga uliokauka baina ya parafujo na ukuta, kuoanisha kompyuta ijue kila kilo iko wapi, kusubiri mtiririko utulie, na kutupa kilichotoka wakati wa kusubiri. Mkifikia kuichagua yoyote kati ya hizo, vidhibiti na kompyuta viwe na betri, na jenereta ishike ndani ya sekunde 15.

Sasa orodha ya dawa. Hatujaona bado pendekezo la kiwanda lililoanza na orodha, na bila orodha hakuna anayeweza kuchagua mashine. Dawa za kampeni za minyoo na kichocho mashuleni ziondoeni kwenye hesabu mara moja: prazikwanteli na albendazoli zinakuja kwa msaada wa watengenezaji wakubwa kupitia Shirika la Afya Duniani, na hakuna kiwanda kinachoshindana na bure. Dawa za malaria na VVU zinazolipiwa na wafadhili wa kimataifa zinahitaji kibali cha awali cha Shirika hilo, ambacho ni safari ndefu. Amoksilini nayo, pamoja na jamaa zake wa penisilini, haiwezi kuingia kwenye jengo hili hata kidogo. Inahitaji jengo lake, hewa yake na watu wake, kwa sababu vumbi lake linaweza kumuua mwenye mzio. Kinachobaki ni kile ambacho vituo vyetu vya afya vinakimaliza kila mwezi: parasetamoli, metfomini, kotrimoksazoli, metronidazoli, amlodipini, haidroklorothiazidi, chuma na asidi foliki kwa wajawazito, zinki ya watoto. Dawa nane au kumi, nyingi za bei ya chini, hakuna hata moja yenye wingi wa kuijaza laini ya mfululizo.

Tupige hesabu kwa ukarimu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Tuseme, kwa mfano tu, kila mmoja anameza vidonge 50 vya parasetamoli kwa mwaka, mtoto mchanga akihesabiwa. Hivyo ni vidonge milioni 94 na nusu, yaani karibu tani 55 za punje. Granyuleta moja ya lita 300, ikifanya mikupuo mitatu kwa siku, inazimaliza kwa siku 183. Laini ya mfululizo ikiendeshwa saa 20 kwa siku inazimaliza kwa siku 110. Zote mbili zinatosha. Sasa chukueni amlodipini. Tuseme wagonjwa 50,000, kidonge kimoja kila siku: tani 3.7 za punje kwa mwaka mzima. Laini ya mfululizo inazimaliza kwa wiki moja. Baada ya wiki hiyo inafunguliwa fidi zote, hopa zote, pipa, mabomba ya kuvutia na vyumba sita vya draya, vinasafishwa, vinafutwa kwa pamba na kupimwa mabaki, kisha inaanzishwa dawa ya pili, ikitupa kilo za mwanzo mpaka itulie. Mtambo ulioundwa usisimame utakuwa unatumia muda wake mwingi umesimama. Bechi imeumbwa kwa orodha kama hii yetu.

Mtaambiwa kwamba ziada itauzwa Komoro na Afrika Mashariki. Inshaallah. Lakini kila nchi inasajili dawa kwa fomula, kiwanda na njia ya utengenezaji, na usajili hauji kabla ya kiwanda kuthibitisha kazi yake nyumbani.

Mashine ya roli tunaitetea kwa moyo wote, na tunashangaa inavyosahaulika. Roli mbili zinaubana unga mkavu kuwa ukanda, ukanda unavunjwa na kusagwa kuwa punje. Hakuna maji, hakuna draya, hakuna zile kilo 45 za unyevu kila saa. Hakuna pia haja ya maji safi ya dawa kwa ajili ya kugandishia, na maji yetu yanayotoka kwenye miamba ya matumbawe yana chokaa nyingi, na karibu na pwani yana chumvi, kwa hivyo yanaziba utando wa kuchujia mapema. Roli kwa asili yake inafanya kazi mfululizo, hivyo mafundi wetu wangejifunza fidi, vitambuzi na udhibiti wa mtiririko bila kubeba mzigo wa draya. Ina kasoro zake. Robo ya unga hivi hupita bila kushikana na kuhitaji kurudishwa. Kiambata kilichokwishabanwa mara moja kinashikana vibaya kinapobanwa mara ya pili, na shinikizo likizidi kidonge kinakuwa dhaifu. Parasetamoli yenye kiini asilimia 86 itaendelea kuhitaji maji. Lakini dawa zinazoharibiwa na unyevu na joto ni zake, na metfomini pia inaweza kufanywa hivyo ikipewa fomula inayofaa. Amlodipini na dawa nyengine za dozi ndogo, kwa selulosi nzuri na uchanganyaji makini, zinaweza hata kubanwa moja kwa moja bila punje.

Kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar tuna neno la peke yake. Mwongozo wa kimataifa wa uzalishaji mfululizo, ICH Q13, ulipitishwa Novemba 2022. Unaruhusu bechi ipangwe kwa uzito uliotoka, uzito ulioingia, au muda wa kuendesha mtambo kwa mwendo uliowekwa. Mkaguzi anayeingia kwenye kiwanda cha namna hiyo lazima aweze kuuliza: gunia hili la wanga likigundulika na kasoro, ni vidonge vya saa ngapi mpaka saa ngapi vitakavyorudishwa kutoka vituoni? Jibu linatoka kwenye kipimo cha muda ambao unga unakaa na kusambaa ndani ya mtambo, na mkaguzi asiyefundishwa kuusoma mchoro huo atabaki kumwamini mwenye kiwanda. Kwa bechi swali ni jepesi: namba ya bechi, kitabu cha bechi, basi. Wapelekeni wakaguzi kusoma sasa, kabla mtambo haujafika. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inaweza kubeba sehemu ya kemia na takwimu, na Taasisi ya Karume pale Mbweni inaweza kufundisha mafundi wa vidhibiti na vitambuzi, kwa sababu fidi iliyoharibika Micheweni siku ya Ijumaa haiwezi kungoja fundi wa kutoka ng'ambo mpaka apate viza.

Tunachoomba kiandikwe kwenye masharti ya zabuni yoyote ni hiki. Orodha ya dawa na makadirio ya vidonge kwa mwaka, kutoka kwenye kumbukumbu za Bohari Kuu, itangulie michoro ya mashine. Muuzaji aeleze kwa gramu za maji kwa kilo ya hewa, si kwa maneno, hewa inayoingia kwenye draya itakuwaje siku ya Aprili. Chuma kinachogusa dawa kiwe chuma cha pua cha daraja la 316L, na koili za mitambo ya hewa zipakwe kinga ya chumvi, kwa kuwa Fumba iko ufukweni. Jengo liachiwe ukumbi mmoja mtupu wenye umeme, hewa kavu na paa refu, ili laini ya mfululizo ikihitajika baada ya miaka kadhaa ipate pa kukaa bila kuvunja ukuta. Jaribio la kupokea mashine lisiishie kiwandani kwa muuzaji, kwenye hewa kavu ya baridi. Lirudiwe hapa hapa, bechi tatu zinazofuatana za dawa ile ile, ndani ya miezi ya masika, na malipo ya mwisho yazuiliwe mpaka punje za bechi zote tatu ziwe ndani ya kikomo cha unyevu kilichokubaliwa.

Tuko tayari kukaa na kamati yenu ya ufundi, Unguja au Pemba, na kupitia hesabu hizi mstari kwa mstari kwa takwimu za Bohari Kuu.

Wenu katika kazi,

Wafamasia na mafundi wa uzalishaji wa dawa, Unguja na Pemba